Nikeli au Chuma

"Na hizi nazo zimekufa," Chiriku alisema, akaliweka gitaa lake la umeme juu ya meza ya fundi kama mtu anayerudisha nyama iliyooza buchani. "Nifungie za chuma, mdogo wangu. Chuma kitupu. Hizi ulizonipa zina usingizi."

Fundi alilipokea gitaa la kaka yake, akapitisha kidole juu ya nyuzi. Zikaitika vizuri, zote sita. Zimekufa wapi? Hata wiki hazijamaliza.

Sasa mtu asije akamlaumu bure. Fundi huyu alikuwa akimfungia kaka yake nyuzi tangu ujana wao, na miaka yote hiyo Chiriku hakutaka kusikia habari ya kitu kingine ila nikeli. Nikeli ina sauti laini, ya mviringo, inayomwachia mwimbaji nafasi ya kupumua. Chuma ni kikali. Kinapasua, tena kinakwangua shingo ya gitaa mpaka inaisha. Chiriku alikuwa akiwacheka wanaopiga chuma. "Wale wanasugua sufuria," alikuwa akisema, na bendi nzima ikivunjika mbavu.

Halafu mwaka huu akaanza. Mara alalamike nyuzi ni nzito, mara ni butu. Akataka za chuma kilichopakwa nikeli, akapewa. Nazo akazikataa. Fundi angesema nini? Kaka ni kaka. Ila zile alizoziita maiti, fundi hakuzitupa. Seti ya mwisho ya nikeli aliifunga kwenye gitaa lake kuukuu la karakana, nayo ikaimba kama haina habari ya msiba wowote.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa. Na jana mke wa Chiriku alikuja, akakaa kwenye kigoda bila hata kuweka mkoba chini.

"Shemeji, nyumbani redio inatikisa madirisha," alisema. "Namwita kutoka jikoni, kimya. Kiongozi wa bendi amenipigia simu mimi, siyo yeye. Anasema gitaa linakata watu masikio. Jumamosi likilia vile tena, anamleta mpigaji mwingine. Mwambie wewe. Mimi nikisema, ataona namchuria."

Haya, mwambie! Rahisi kusema. Huyu fundi ana mdomo, wateja wake husahau hata walichokuja kutengenezewa, lakini leo ulimi ulikuwa mzito mdomoni. Kumwambia mpiga gitaa kwamba masikio yake yanakwenda, jamani, unaanzia wapi?

"Kaka," alisema mwishowe, kwa sauti ya juu, "kabla sijazifunga, tucheze ule mchezo wetu."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vijana wawili wasio na kazi: mmoja anageukia ukutani, mwingine anapiga magitaa mawili, lenye nikeli na lenye chuma, na aliyegeuka anataja lipi ni lipi. Chiriku hakuwahi kukosea. Ndiyo maana walimwita Chiriku, kwa masikio yake na kwa zile sauti nyembamba alizokuwa akizichomoa kule juu.

"Utoto huo," alisema, lakini aligeuka ukutani, mikono nyuma, anatabasamu.

Fundi akapiga lile kuukuu, la nikeli. Akalilaza mezani taratibu. Akashusha jingine kutoka ukutani, la mteja, lenye nyuzi za chuma, akapiga uzi uleule. Sauti ilikuwa kali hata yeye mwenyewe akafumba macho.

Chiriku akaangua kicheko. "Acha ujanja wewe! Umepiga lilelile mara mbili. Unadhani nimezeeka?"

Fundi alikuwa amejiandaa kusikia kaka yake akikosea. Kwamba hasikii tofauti kabisa, hilo hakujiandaa nalo.

"Umenikamata, kaka," alisema. Mwoga! Upendo nao una uoga wake, lakini uoga ni uoga.

Chiriku aligeuka akiwa bado anacheka. Akaliona gitaa la nikeli limelala mezani. Akaliona la chuma mikononi mwa mdogo wake, uzi wake bado unatetemeka. Kicheko kikamkauka. Akasogea, akauwekea kidole ule uzi mpaka ukatulia.

"Umeyapiga yote mawili," alisema.

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yameshafika.

"Shemeji yako anajua?"

"Anajua."

"Na bendi?"

"Na bendi, kaka."

"Kwa hiyo mmejua wote, isipokuwa mwenye masikio."

Alikaa kwenye kigoda. Fundi akamwaga yote kwa mkupuo: simu ya kiongozi, Jumamosi, daktari wa masikio, kwamba watakwenda pamoja, kwamba hatamwacha. Chiriku alimtazama midomo. Kumbe alikuwa akimtazama hivyo kwa muda mrefu.

"Tutakwenda," alisema. "Lakini kwanza nifungie."

"Zipi?"

"Zangu. Za nikeli."

"Lakini kaka, huta..." Fundi alishindwa kumalizia.

"Watu watazisikia. Kwani nampigia nani?"

Fundi akafunga nyuzi za nikeli, akazivuta, akazilinganisha, akachomeka waya kwenye spika. Chiriku alifumba macho, akapiga kipande cha zamani, kile cha kufungulia dansi, vidole vikienda vyenyewe. Sauti ikatoka ya mviringo, laini, kama ya ujana wao. Fundi akalia waziwazi, kama mtoto, wala hakuona haya.

"Nzuri?" Chiriku aliuliza.

"Nzuri, kaka."

"Wote mtasema nzuri. Nieleze. Ile nyembamba ya juu kabisa, ikoje?"

Fundi alifuta macho kwa kitambaa cha kazi. Akavuta kigoda kingine, akasogeza mdomo sikioni mwa kaka yake, akaanza kumweleza.