Miaka Mitatu ya Enanche

Enanche alirudi kutoka kambini siku ya Jumatano, jua likiwa utosini, na mtaa mzima ulijua kabla hajashuka kwenye bajaji. Alikuwa amevaa kaki kamili: suruali pana iliyokazwa mkanda hadi ikafanya mikunjo kiunoni, fulana nyeupe yenye nembo, buti za rangi ya udongo, na kofia aliyoiinamisha upande mmoja kama askari wa kweli.

"Kopa wii!" fundi viatu wa pale njia panda akapaza sauti. Ndivyo vijana wa utumishi wa taifa wanavyosalimiwa kila waendapo.

"Waa!" Enanche akaitikia, ingawa sauti ilikuwa imemkauka kwa nyimbo za wiki tatu.

Ladi, dada yake mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake cha kuchapa na kutoa kopi, hatua ishirini tu kutoka nyumbani kwao. Alimwona Mama akitoka jikoni mbio, kanga ikimfunguka, akaanza kucheza hata kabla hajamkumbatia mtoto. Majirani wakatoka. Watu wakapiga makofi. Ladi naye akapiga makofi, kwa sababu mikono ingebaki inaning'inia tu, watu wangeona.

"Ladi, mwangalie mdogo wako alivyopendeza!" Mama Oyiwodu wa nyumba ya pili akamwambia, akimpiga kiwiko. "Hivi wewe ulipelekwa kambi gani vile? Maana sikumbuki kukuona na kaki."

"Mimi nilisamehewa, mama. Kambi ni mambo ya watoto. Kukimbizwa alfajiri na kupigiwa filimbi, nani anataka?"

Jibu hilo alikuwa amelitoa mara nyingi mno, likawa linatoka lenyewe, na kicheko chake nyuma.

Ukweli ni kwamba Ladi aliitaka kaki ile kuliko alivyoitaka shahada yenyewe. Alikuwa ameingia chuo na miaka ishirini na mitatu, kusoma kozi ya miaka minne. Wahadhiri wakagoma, wakarudi, wakagoma tena. Mwaka mmoja chuo kikafungwa kwa vurugu. Mwishoni matokeo ya somo moja yakapotea ofisini na kupatikana baada ya miezi minane. Alipohitimu alikuwa na miaka thelathini na miezi minne, na sheria inasema aliyevuka thelathini haendi. Wenzake watatu wa darasa moja, wakubwa kumliko, walikwenda mahakamani na wazazi wao, wakala kiapo kwamba walizaliwa baadaye, wakaenda kambini wakicheka. Ladi alimpelekea baba yake karatasi ya kiapo. Ticha Adakole, mwalimu mkuu mstaafu, aliisoma yote, akaivua miwani yake, akamrudishia.

"Siwezi kumzaa mtoto mmoja mara mbili," alisema.

Yakaishia hapo. Ladi akapewa cheti cha kusamehewa. Kila alipokwenda kutafuta kazi, mtu wa upande wa pili wa meza alikisoma kile cheti, kisha akamtazama usoni kana kwamba anatafuta makunyanzi. Mwisho akafungua kibanda. Na ajabu ya mambo, kazi iliyomlisha zaidi ikawa ni kuwachapia vijana barua zao za wito wa kambini. Aliwasomea jina la jimbo walilopangiwa, akawatania, akawaambia wasisahau chandarua. Ya Enanche pia aliichapa yeye: jimbo la Osun, mbali huko magharibi. Siku ile alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Mchana huo wa Jumatano walikula ugali wa viazi vikuu vya kutwanga, kwa mchuzi wa mmea wa okoho unaovutika kama uzi, na Enanche hakufunga mdomo.

"Yule sajenti wetu, Mama, ukimpita unatembea anakwambia, 'Unatembea? Basi umeshakosea!' Hata chooni ni mbio!"

"Mungu wangu! Na chooni pia?"

"Na chooni! Halafu siku ya kupanda kamba, kikosi chetu, Kikosi cha Saba, wote waliogopa. Nikasema, mimi mtoto wa Otukpo, nitashindwa na kamba? Nikapanda. Nikafika juu, nikatazama chini, nikalia."

Baba alicheka. Alicheka kweli, mabega yakitikisika, tonge likiwa limesahaulika mkononi. Ladi alijaribu kukumbuka ni lini baba yake alicheka namna ile kwa jambo alilolisema yeye, akashindwa.

"Na bendera nani alibeba?" Baba akauliza.

"Mimi, siku ya mwisho! Walichagua aliye mrefu katika kila kikosi."

"Mimi ni mrefu kuliko wewe," Ladi akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa hajakusudia kulisema kwa sauti. Enanche akacheka, akamgonga bega. "Kweli, dada. Wewe wangekupa bendera na mlingoti wake." Maongezi yakaendelea bila yeye.

Siku ya Alhamisi Enanche alilala kama gogo hadi saa nne. Mama akamwita Ladi kabla hajafungua kibanda.

"Mfulie mwenzio zile nguo. Zinanuka jasho la Osun nzima. Yeye amechoka."

"Na mimi je?"

"Wewe umechoka na nini, Ladi? Kukaa kwenye kiti?"

Akalibeba begi hadi uani, akaanza kuchambua nguo. Mfuko wa pembeni ulikuwa na jalada la plastiki. Ndani yake kulikuwa na barua ya kupangiwa kazi, yenye muhuri: Enanche atafundisha katika sekondari moja huko Ilesa, anatakiwa kuripoti Jumatatu na barua hiyo mkononi. Nyuma ya barua kulikuwa na karatasi nyingine. Ladi aliitambua kabla hajaisoma, kwa sababu karatasi za aina ile alikuwa akizichapa kila wiki. Kiapo cha umri. Mimi, Adakole, baba mzazi wa Enanche, naapa kwamba mwanangu huyu alizaliwa mwaka fulani.

Mwaka ulikuwa wa uongo. Enanche alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ladi mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni. Karatasi ilimpa ishirini na minane. Chini kabisa ilikuwepo sahihi ya baba yake, ile ile yenye mkia mrefu aliyokuwa akiiona kwenye ripoti zake za shule, na muhuri wa mahakama ya Makurdi, mji mkuu wa jimbo lao.

Makurdi! Mzee mwenye magoti mabovu alipanda gari hadi Makurdi, ili binti yake mwenye kompyuta hatua ishirini kutoka kitandani kwake asijue.

Ladi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Hiki nilinyimwa mimi, alijisemea, akapewa huyu, na bendera juu. Alijua pia kwamba simu moja tu ofisini kwa wahusika, hata bila kutaja jina lake, ingemvua Enanche ile kaki kabla ya Jumatatu. Namba ya ofisi alikuwa nayo. Alikuwa ameibandika ukutani kwa ajili ya wateja.

Hakupiga. Lakini jalada alilichukua, akalipeleka kibandani, akalilaza chini ya bunda la karatasi. Kisha akarudi, akafua nguo zote, akazianika vizuri kwenye kamba.

Ijumaa Enanche akagundua jalada halipo. Alikung'uta begi mara tatu, akapekua chini ya vitanda, akafungua hata sufuria. Mama akawalaani wapakiaji mizigo wa basi mmoja baada ya mwingine.

"Dada, hukuliona ulipokuwa unafua? La plastiki, hivi?"

"Sikuliona."

"Jumatatu, dada! Nikienda bila barua wataniuliza, na lile jalada... lina karatasi zangu zote." Macho yalimtoka. Ladi alielewa anachoogopa zaidi. Enanche akaketi sakafuni, akalia kwa kwikwi kama mtoto, kofia ikiwa bado kichwani. Ladi alisimama mlangoni akimtazama, na kilichomjia kilikuwa utamu. Utamu mdogo, wa wazi kabisa, kama wa kulamba sukari. Ulimtisha hata akageuka na kuondoka.

Jumamosi asubuhi Baba alikuja kibandani. Aliketi kwenye benchi la wateja, akangoja msichana mmoja achukue kopi zake aende.

"Ile barua ya mdogo wako niliisoma Jumatano baada ya chakula," alisema. "Nikairudisha mfukoni mwa begi kwa mkono wangu huu."

Ladi aliendelea kupanga karatasi. "Umewaambia?"

"Sijawaambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua mle ndani si barua peke yake iliyomo."

Ladi akanyanyua bunda, akalitoa jalada, akaliweka mezani kati yao.

"Ulienda Makurdi, Baba."

"Nilikwenda."

"Hapa nachapa viapo kila wiki. Wewe ukaenda Makurdi."

"Nisingeweza kukupa wewe unichapie hicho. Hata mimi sina uso mgumu kiasi hicho."

"Mimi uliniambia huwezi kumzaa mtoto mara mbili."

"Nilisema."

"Enanche umemzaa mara mbili! Yeye ana nini? Niambie tu nijue. Mimi nilikosa nini nikiwa mtoto wako?"

Sauti yake ilikuwa imepanda. Nje mtu mmoja aliyetaka kuingia akabadili mawazo. Baba alivua miwani, akaishika mapajani, na bila miwani uso wake ulionekana mtupu.

"Hukukosa kitu. Miaka sita nimekaa barazani nikikusikia unawasomea watoto wa watu majimbo yao. Unawatania, unacheka. Wao wanaondoka, wewe unanyamaza kimya hata nusu saa. Kila mara. Ilipofika zamu ya mdogo wako, umri umempita vile vile kama wewe, nikasema sitaweza kusikia ukimya wa watu wawili. Nikaapa uongo, nikiwa na miaka sabini na mbili."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyelipa ili yeye apate."

"Wewe ndiye uliyelipa." Hakujitetea. "Sijui kama nilikosea mara ya kwanza au mara ya pili. Nimejiuliza mpaka kanisani."

"Mara zote mbili," Ladi akasema. "Ya kwanza kwa ugumu wako. Ya pili kwa kunificha."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyesomewa maksi zake. Akasimama kwa kushika meza. Hakulichukua jalada wala hakumwambia alirudishe. Alitoka tu.

Ladi alikaa na lile jalada karibu saa nzima. Alikuwa amedhani maneno ya baba yake yangempoza, na hayakumpoza. Kujua kwamba alionewa huruma miaka yote ile kulimchoma mahali pengine papya. Lakini kila alipojaribu kuurudia ule utamu wa jana, hakuupata. Akafunga kibanda.

Enanche alikuwa chumbani, amelala kifudifudi. Ladi akaliweka jalada juu ya mto.

"Lilikuwa kwangu."

Enanche akaketi. Akalifungua, akahesabu karatasi moja moja, akakuta kiapo kipo. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Nimelia siku mbili. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Ukafurahi?"

"Kidogo. Halafu nikaogopa."

"Una roho mbaya, Ladi." Hakusema dada. "Mimi nilijua hukutaka kwenda! Si wewe ndiye uliyesema kambi ni ya watoto? Umesema miaka sita! Ningejuaje?"

Kwa kweli Enanche asingeweza kujua. Hakuna aliyewahi kuambiwa, ila mzee mwenye masikio makali pale barazani.

"Nilitaka," Ladi akasema. "Bado nataka. Nikikuona umevaa, nataka nikuvue."

Enanche akageukia ukuta.

Jumapili baada ya ibada Ladi alimbebea begi hadi kituo cha magari. Hakuna aliyemtuma. Walitembea pamoja, wapita njia wakimpigia Enanche "Kopa wii!" na yeye akiitikia kila mmoja. Dereva akamtengea kiti cha mbele kwa heshima ya kaki, akamhamisha mtu mzima na gunia lake la mihogo mikavu. Enanche akapanda. Injini ilipowashwa akashusha kioo.

"Ungenishtaki?"

"Alhamisi, ndiyo, ningeweza. Leo hapana."

"Afadhali umesema kweli."

Gari likaondoka. Hakupunga mkono, na Ladi hakumtarajia apunge.

Wiki nzima Enanche alimpigia Mama simu kila siku, akaongea na Baba, akawasalimia majirani kwa majina. Ladi hakuulizwa habari. Baba naye alikuja kibandani kila asubuhi, akaketi kwenye benchi na gazeti lake, akaondoka saa sita. Hawakuongea sana, lakini siku ya nne Ladi alimnunulia maandazi.

Siku ya tisa picha iliingia kwenye simu ya Ladi, bila neno hata moja. Enanche amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, koti la kaki limefungwa vifungo vyote, wanafunzi wamejaa hadi madirishani. Iliuma. Ladi aliikuza picha kwa vidole ili aione vizuri, na iliuma zaidi. Akaangalia buti, akaangalia mkanda, akaangalia uso wa mdogo wake ulivyoiva kwa jua. Kisha akaandika: "Kola imekaa vibaya."

Akangoja. Mteja aliingia, akatoka. Simu ikalia.

"Najua, dada. Huku hakuna pasi."

"Ninayo ya mkaa. Nitaituma na gari la Ijumaa."