Mchoro Usiokuwa na Maneno

Mume wangu Adriano aligongwa na lori barabara ya Mpui siku ya Alhamisi. Asubuhi yake aliniaga kwamba anakwenda kuandika bango la duka. Walioleta mwili walileta na mkoba wake. Ndani hapakuwa na brashi wala kopo la rangi.

Mazishini alilia sana mwanamke mmoja nisiyemfahamu. Wifi yangu Evodia akanisogelea. "Huyo ni Coleta, nesi wa zahanati. Kaka alikuwa haonekani kwingine kila Alhamisi ila kwake. Mimi usiniulize zaidi, wifi."

Niliweka moyoni.

Kazi ya Adriano ilikuwa mabango, lakini alichopenda ni kuchora karatasini vitenge vya utani. Alianza baada ya mwalimu wa kujitolea kutoka Japani kumwachia kitabu cha picha. Huko kwao, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, watu wa mjini walibuni michoro ya nguo ambayo kwa mbali unaona maua na kwa karibu unaona mikunga, wale samaki kama nyoka. Walialikana kutazama vitambaa vya namna hiyo na kucheka.

"Na sisi tutatundika vya kwetu, Mama Jenifa," aliniambia. "Watu wacheke mpaka wakohoe."

Akacheka yeye, akakohoa yeye.

Katika boksi lake nilikuta michoro mingi. Yote niliielewa isipokuwa mmoja: majani mawili mapana meusi, yenye mistari myeupe iliyopinda, na juu ya jani moja ua jeupe lililofifia. Jozi hiyo imerudiwa karatasi nzima. Kilikuwa kitenge kizuri kuliko vyote, na mimi hakunionyesha. Nikajiuliza kakichora kwa ajili ya nani.

Siku ya arobaini, baada ya misa, niliibana yote kwa vibanio kwenye kamba ya nguo uani. Coleta nilimwalika mwenyewe. Nilitaka nione atasimama wapi.

Mzee Mboje, jirani yetu mfugaji, alisimama kwenye mchoro wa mioyo. Akasogea, akarudi nyuma.

"Hii si mioyo. Hizi ni kwato! Ng'ombe wangu wameingia kwenye mahindi ya nani tena?"

"Ni utani wa marehemu, baba."

"Na maneno yako wapi? Kanga ya kumsema mtu haikosi maneno. Mmeyakata?"

"Hayakuwepo."

"Basi nayajua," alisema, na watu wakacheka.

Evodia naye akapiga kelele mbele ya safu ya midomo inayoimba kwaya. "Pengo hili ni langu! Kaka, hata huko uliko hujaniacha?"

Coleta alipita bila kucheka. Kwenye majani meusi akasimama, akajiziba mdomo kwa mkono. Nikamfuata.

"Ua lako hilo, siyo?" nilimwambia kwa sauti. "Tusomee basi, na sisi tusikie."

Coleta alinishika mkono, akanivuta kando ya jiko.

"Mama Jenifa, lile si ua," alisema taratibu. "Ni doa la ugonjwa, na majani yale ni mapafu yake. Aliichora kutoka picha ya eksirei ya hospitali, aliomba aondoke nayo. Alikuwa na kifua kikuu. Alhamisi alikuja kuchukua dawa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Siri ya mgonjwa si yangu kuitoa. Nilimsihi akulete wewe na watoto mpimwe. Kila nikimwambia, 'Wiki ijayo, nesi.' Alipokufa nikakosa namna ya kuanza. Leo nimeikuta uani kwako, kwenye kamba."

Nyuma yetu Jenifa alikohoa, kikohozi kile ambacho tangu Juni nilikuwa nasema ni baridi. Coleta aligeuka kabla yangu.

Michoro mingine ameichukua Evodia. Ule mmoja ninao. Jenifa, mdogo wake na mimi tumeshapimwa, na majibu yanatoka Jumatatu.