Wimbo wa Kuangusha Jiwe

Kilimani Kavaluni jiwe halikuangushwa kwa nguvu peke yake. Liliangushwa kwa wimbo. Vijana wangeweza kuishika mitaimbo mpaka jua litue, lakini kama Syombua hajafungua kinywa, hakuna aliyesukuma. Yeye alianza, wanawake wakaitika, na katika mwitikio ule mitaimbo yote ikashuka pamoja. Akinyamaza ghafla, hata katikati ya neno, kila mtu alijua jiwe limelegea. Waliokuwa chini na makarai ya udongo walitupa mizigo na kukimbilia pembeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mwethya wao, kikundi cha majirani waliochonga njia ya mlimani bila malipo, kwa majembe yao wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Watu wa sokoni Migwani waliwacheka. Serikali ina tingatinga, walisema, na nyinyi mna nyimbo. Acha wacheke. Aliyezaliwa tambarare hajui maana ya kumteremsha mgonjwa mlimani juu ya kitanda.

Syombua alijua. Mwaka uliotangulia walimbeba Mbinya, binti yake wa pekee, mtoto akiwa amekwama tumboni, wakashuka naye mpaka kwenye bega la mlima. Hapo ndipo lilipokuwa shamba la Ndolo, limezungushiwa ua wa miiba, na chini yake tu barabara ya Migwani inaonekana, karibu hata unaweza kumtambua mtu kwa mwendo wake. Wabebaji waliomba wapite. Ndolo akasimama nyuma ya ua na panga lake, akasema akiwapisha leo na kitanda, kesho watapitisha ng'ombe. Mkewe Ndinda alijaribu kuvuta tawi la miiba awafungulie. Ndolo akampiga mdomoni kwa ubapa wa panga, meno yake ya mbele yakabaki udongoni. Basi wakazunguka na korongo. Mbinya alifia korongoni, na mtoto akafia ndani yake, na mkono uliokuwa umemshika ulikuwa wa mama yake.

Kwa hiyo sauti ile kali ya Syombua haikuwa ya kupenda nyimbo. Alitaka njia ipite kwenye shamba la Ndolo, na alitaka Ndolo aione ikipita.

Alhamisi moja walilifikia jiwe la mwisho, kubwa kama ghala la mahindi, limekaa juu kidogo ya ule ua. Tangu asubuhi walilizungushia kuni na kuziwasha. Lilipopata moto wa kutosha wanawake walilimwagia maji ya mitungi, nalo likapasuka kwa mlio uliowakimbiza mbwa wa Ndolo. Vijana wakaingiza mitaimbo kwenye ufa. Aliyewaongoza alikuwa Mutie, mume wa marehemu Mbinya.

Naibu wa chifu alikuwa ameshaamua kwamba njia itapita shambani kwa Ndolo, na Ndolo alipoambiwa alitema mate tu. Pengine angeishia hapo. Lakini Syombua alikuwa na ulimi, na siku hiyo hakutaka kuufunga. Alimtia Ndolo wimboni.

*Kuna fisi mwenye shamba,*
*Usiku analinda mawe.*
*Meno ya mkewe ameyapanda,*
*Tungoje tuone yataota nini.*

Wanawake wakaitika huku wakicheka. Ndinda alikuwa miongoni mwao, kwa maana hakuwa amekosa siku hata moja ya kazi, na aliitika akiwa ameufunika mdomo kwa mkono.

Ndolo alisikia kutoka nyumbani kwake. Alipanda na panga mkononi, na aliyeshuka kumlaki ni Mwangangi, mwenyekiti wa mwethya, mtu mpole ambaye hata jogoo alichinjiwa na jirani.

"Mzee Ndolo, hebu tuongee kwanza," Mwangangi akasema, mikono mitupu mbele yake.

Panga lilimwangukia begani na kuzama hadi mfupa. Mwangangi alikaa chini polepole, akalitazama bega lake kama la mtu mwingine. Pigo la pili lilimlenga Syombua. Alijikinga kwa karai, panga likalia juu ya bati, mkono wake ukafa ganzi mpaka kwapani. La tatu halikuja, kwa sababu mpini wa jembe ulimpata Ndolo shingoni kutoka nyuma.

Asikudanganye mtu kwamba wanawake hupigana kwa kucha. Walimpiga kwa mipini, kwa mawe, kwa magoti. Mkono wake ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu, na bado waliendelea, kila mmoja akilipa lake. Huyu alikatiwa maji, huyu mbuzi wake alikatwa mguu kwa kuchungulia ua. Syombua alisubiri zamu yake. Alipoipata alimpiga mdomoni kwa ukingo wa karai, akijua vizuri anapopiga, akarudia, mpaka alichokuwa anakitaka kikaanguka udongoni.

"Basi, inatosha. Atakufa," mtu akasema.

"Ndiyo," Mutie akajibu.

Alimburuta Ndolo kwa kola mpaka kwenye kisiki kilichokuwa chini ya jiwe, akamfunga kiunoni kwa kamba ya katani. Kisha akapanda, akashika mtaimbo wake, na vijana wengine wakashika yao. Kwa adabu ya mkwe Mutie hakuwahi kumtazama Syombua usoni tangu aoe. Siku hiyo alimtazama.

"Mwaitu," akasema, maana ndivyo mama anavyoitwa kwetu, "anza."

Walioshika makarai waliyaweka chini pole pole. Kila mmoja pale alikuwa amesimuliwa na babu yake kuhusu king'ole: kwamba zamani, kabla ya serikali, mtu mbaya hakuuawa na watu mpaka jamaa yake wa karibu atoe neno. Macho yakamwendea Ndinda. Alikuwa amepiga magoti akilifunga bega la Mwangangi kwa leso yake, nayo ilikuwa imeshalowa yote. Aliinua uso. Kisha akaendelea kukaza fundo.

Syombua aliimba. Wala isisemwe baadaye kwamba alisukumwa. Alitaka, na alitaka kwa mwili mzima.

"Mbinya alipita wapi?"

Sauti moja tu iliitika, na hewa ikipiga mluzi kwenye pengo la meno.

"Alipita korongoni."

Ilikuwa ya Ndinda. Mitaimbo ikashuka, jiwe likaguna, changarawe zikamwagikia mgongo wa Ndolo. Aliinua kichwa kilichojaa damu.

"Ndinda," akasema.

"Na yeye atapita wapi?" Syombua akaimba.

Ndinda aliitika kabla hata mstari haujaisha. Aliitika kama mtu anayeimba arusini, na Syombua aliisikia furaha ile na kuitambua, kwa sababu ilikuwa yake. Ilikuwa imemjaa kooni, tamu, na tangu amzike Mbinya hakuwa ameonja kitu kitamu. Akaogopa. Alimwangalia Mutie, kijana ambaye Mbinya alimpenda hata akakataa wachumba wenye ng'ombe. Mutie alikuwa anatabasamu. Syombua hakuwahi kumwona na uso huo, na alijua kwamba jiwe likianguka hautamtoka tena.

Akavuta pumzi kuanza mstari wa tatu. Akaimba, "Njia ya—" na akanyamaza.

Sheria ilifanya kazi yake. Mitaimbo ikachomolewa, watu wakatawanyika pembeni bila kufikiri, hata Mutie. Ila jiwe lililopasuliwa kwa moto halina sheria. Lilijisogeza lenyewe, kidogo, halafu lote. Ndolo, ambaye kabla ya kukosana na watu aliwahi kuchimba na mwethya, alijua maana ya kimya kile. Alijirusha upande hadi kamba ilipoishia. Jiwe lilimkanyaga mguu kuanzia goti kushuka, likakata kamba na kung'oa kisiki, likapita kando ya ua na kuangukia korongoni kwa kishindo. Kilio chake kilifika barabarani.

Syombua ndiye aliyemfikia kwanza. Alifunga paja lake kwa kitambaa chake cha kichwa, akakikaza kwa mpini wa jembe mpaka damu ikapungua.

"Leteni kitanda," akasema.

Hakuna aliyesogea isipokuwa Ndinda. Alipenya kwenye kilango cha ua, kilichotosha mtu mmoja kwa upande, akarudi na kitanda chao cha kamba kichwani. Walimlaza. Mutie alisimama kando kwa muda mrefu, kisha akaja akashika mguu wa mbele wa kitanda, akiwa amerudisha macho chini kama mkwe. Mwangangi alisimamishwa, akaegemezwa kwenye bega la mwanamke mmoja. Wakateremka hadi kwenye ua, na hapo wakasimama.

"Tuzunguke na korongo," Mutie akasema, "kama tulivyozunguka."

Hakuna aliyempinga. Wabebaji walikwisha kugeuza kitanda.

Syombua aliliokota panga la Ndolo, damu ya Mwangangi bado ikiwa juu yake, wakafikiri anakwenda kummaliza. Ndolo mwenyewe alifikiri hivyo, akafumba macho. Lakini Syombua alikipita kitanda, akaanza kukata ua. Nyuma yake mtu alinong'ona kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Naye pia aliyasema hayo moyoni, kila alipokata. Miiba ilimchana mikono na uso, na alikata mpaka nafasi ikatosha kitanda pamoja na watu wa kila upande.

Wabebaji wanahitaji wimbo ili hatua zilingane. Walimtazama, akatikisa kichwa. Wakaingia hivyo hivyo, hatua zikipishana, kitanda kikiyumba, wakiikanyaga mistari ya mbaazi, na kila kitanda kilipotikisika Ndolo alilia kupitia mdomo usio na meno ya mbele. Ndinda alitembea ubavuni pake. Hakumshika.

Walipofika katikati ya shamba Ndolo alifumbua macho, akaliona anga tu.

"Bado ni mbali?" akauliza.

Barabara ilikuwa pale pale chini. Mwanamke aliyebeba kuni alikuwa amesimama kuwatazama, na rangi ya kanga yake ilionekana wazi.

"Si mbali," Syombua akamjibu. "Hata siku ile haikuwa mbali."

Ndolo aligeuza uso upande wa mbaazi zake. Wakamfikisha barabarani akiwa hai.