Maji ya Udhu ya Bwana Afisa

Mwamvua mjane hakuwa na uongo kinywani, ila kunyamaza alikujua.

Boti ya Gregory Maduhu ilikuwa ikifungwa kwenye mwalo wa Chato, pale pale wanawake wanapoteka maji. Haikuwa ya kuvulia wala ya mizigo, ilikuwa ya starehe tu. Kila Jumapili ilibeba marafiki, bia na redio, ikazunguka ziwani ikinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, kisha ikarudi kulala na kudondosha mafuta. Maji yakawa na rangi rangi kama shingo ya njiwa. Hapo ndipo Mwamvua alipokuwa akitawadha tangu uhai wa marehemu mumewe. Sasa ilimbidi avuke mawe mpaka ghuba ya pili, na goti lake lilishakataa safari hiyo.

Mwaka ule ikatangazwa sheria: boti ya starehe haipewi kibali mpaka afisa ajionee kuwa haichafui maji ya watu. Akiipitisha, ndiyo itakaa hapo kwa muhuri wa serikali, na goti la Mwamvua litajua la kufanya.

Gregory hakuwa na wasiwasi. Siku ya kuja afisa aliipaka boti rangi, akatafuta jogoo, akamfuata Mwamvua apike, maana afisa huyo, Bwana Sabiti, alikuwa Mwislamu na angependa mkono wa Mwislamu mwenzake.

"Mtani wangu, Mzaramo mla nazi, leo nistiri. Na mdomo wako uwe wa kuonjea mchuzi tu."

"Hata nyie Wasukuma mnajua aibu? Haya, nitaonja. Na mgeni akitaka kuswali?"

"Si kuosha miguu tu? Mtekee maji."

"Niyateke wapi?"

"Hapo nyuma ya boti, karibu. Kwani mguu una ulimi?"

Mwamvua akajifunga khanga vizuri. "Umesema wewe, ng'wana Maduhu."

Bwana Sabiti akafika, mtu mpole, amechoka na vumbi la njiani. Gregory alikuwa ameyapiga maji kwa kasia mpaka ile rangi ya njiwa ikatawanyika.

"Haivuji mafuta?"

"Hata tone, mzee! Maji haya watoto wanakunywa."

Harufu ya kuku ikapita katikati yao. Afisa akagusa kalamu mfukoni, halafu akatazama jua. "Adhuhuri imeingia. Niswali kwanza, nikirudi nitie sahihi."

Mwamvua akaleta birika. Afisa akanawa viganja. Akajaza maji kinywani, asukutue.

Mashavu yakasimama yamevimba. Macho yakamtoka. Akatema, maji yakatua kwenye kiatu kipya cha Gregory. Akadhani labda ni uchovu, akapandisha mengine puani. Hapo akapiga chafya iliyorusha bata wote mwaloni.

"Mama, maji haya umeyateka wapi?"

"Nyuma ya boti, mwanangu. Mwenye boti ndiye aliyenielekeza."

"Yalikuwa ya miguu!" Gregory akapiga kelele. "Mimi nilijua ni ya miguu tu!"

"Maji yaliyogeuzwa na petroli hayatawadhishi hata ukucha," alisema Sabiti, akijifuta ulimi kwa leso. "Na kibali hupati. Boti hii iondoke leo, ikakae kule kwenye matete wasikoteka watu. Ukishaitengeneza injini, niite tena. Nitakuja na maji yangu."

Akatazama tena jua, uso umemsinyaa. "Sasa nitatawadha na nini?"

Mwamvua akafunua mtungi uliokuwa nyuma ya jiko. "Haya ni ya ghuba ya pili, mwanangu. Nimeyafuata alfajiri, kwa goti hili hili."

Gregory akautazama mtungi, akamtazama mtani wake. "Kumbe ulikuwa nayo tangu asubuhi!"

"Hukuniuliza, uliniagiza."

Kuku aliliwa. Wawili walimsifu, mmoja akasema hana chumvi. Alasiri Gregory akaipeleka boti kwenye matete kwa kasia, maana afisa alikataza injini isiwashwe, na Mwamvua akasimama mwaloni akimwelekeza kwa sauti kubwa, mara kushoto, mara kulia, ingawa njia ilikuwa moja tu.