Bi Mkubwa Mwenye Pua

Pale kiwandani, lori la zamani lenye pua ndefu waliliita Bi Mkubwa. Jipya, lenye uso bapa uliokalia injini, wakaliita Bi Mdogo. Mafundi walicheka. Msanifu hakucheka, maana yeye ndiye aliyemchora Bi Mkubwa, na Bi Mdogo alichorwa na mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada, mbona umenuna kama aliyeletewa mke mwenza?" fundi wa rangi alimtania.

"Nenda kapake rangi huko!"

Lakini roho ilimchoma. Jana yake, mezani, mama yao alimpakulia mdogo mtu kwanza, eti mtoto kachoka na kazi ya maana. Ya maana! Kumbe yake miaka yote ilikuwa mchezo?

Asubuhi hiyo mkurugenzi aliwakusanya mbele ya Bi Mdogo. Kwa kuwa hana pua, alieleza, anavuta trela refu zaidi bila kuvunja sheria ya urefu wa magari barabara kuu, tena moshi wake ni mchache. Ila wateja wengi bado wanampenda Bi Mkubwa. Akiharibika njiani, dereva anafunua boneti na kujitengenezea.

"Tutauza yote mawili kwa mwaka mmoja," alisema. "Litakalolalamikiwa ndilo tutakaloliacha."

Mdogo mtu akashika mpini wa pampu ubavuni mwa Bi Mdogo, akapampu. Kichwa kizima cha lori kikainamia mbele, injini ikabaki wazi. Upande wa pili fundi wa rangi akachomeka pini ya kukizuia kisirudi chini. Makofi yakalipuka.

Mikono ya msanifu ilibaki mifukoni. Pampu huku, pini kule. Dereva aliye peke yake atalizunguka lori? Thubutu! Atakatiza chini ya kichwa ambacho hakijafungwa.

"Kuna mwenye neno?" mkurugenzi aliuliza.

"Kama harusini vile," mtu akanong'ona. "Mwenye pingamizi aseme."

Msanifu angenyamaza, ajali moja tu ingemharibia Bi Mdogo jina barabara nzima, na Bi Mkubwa angebaki. Mama naye angejua nani ana kazi ya maana. Wazo lilikuwa tamu mpaka akalionea aibu. 

"Ninalo neno," alisema mwishowe.

Mdogo wake akageuka. "Dada, jamani, leo tu niachie."

"Shusha, upampu tena. Safari hii asikusaidie mtu."

Akapampu kwa hasira. Kichwa kikainama. Akaitazama pini kule ng'ambo, akainama apite chini.

"Simama!" Msanifu alimdaka mkono, akamvuta nje. Mkono ulikuwa mwembamba kama wa utotoni.

 Mdogo mtu akatazama pampu, kisha pini. "Mungu wangu," alisema.

"Pini ihamishie huku, karibu na pampu. Basi."

"Hiyo kasoro ikiondoka," mkurugenzi alisema, "sioni hata haja ya huo mwaka wa majaribio. Bi Mkubwa apumzike."

 Msanifu alijua yangekuja hayo.

Watu walipotawanyika, mdogo wake alitandaza mchoro sakafuni. "Dada, umeniokoa."

"Nimemwokoa dereva. Wewe bado nakuonea wivu."

"Nionee tu," alisema huku akifuta machozi kwa kiwiko. "Lakini nishikie karatasi hapa, inajikunja."

Msanifu akapiga magoti, akaishika.