Kindi Kwenye Pipa la Chikichi

…na maji haya siyaogopi, yanatoka bombani, yanapita juu ya kidole changu, na mimi namtazama nesi Spesiosa bila kubweka, dakika kumi na tano, amesema, maji na sabuni, usitoe mkono, mzee, sawa, sitoi, mtu mzima na kitambi changu, nimelala Lubumbashi, Mombasa na Bujumbura hata kunguni asinionje, nije kung'atwa na kindi nyuma ya nyumba yangu mwenyewe Rusimbi, jana jioni, kindi katumbukia kwenye pipa la chikichi tulizochemsha tayari kutwanga, anatapatapa, mimi mwokozi wa viumbe nikamvuta mkia… kisha nikapaka mawese kwenye jeraha, maana kwetu mawese ni dawa ya kila kitu isipokuwa ujinga, na jirani yangu Hamdani akaja kunifariji, akanisimulia mjomba wake aliyeumwa na mbwa akapuuza, mwisho akawa anaogopa hata kikombe cha maji, wakamzika, ahsante Hamdani, basi leo asubuhi nikateremka Katonga, nikakunja suruali, nikasimama ziwani maji ya magoti, najipima kama naogopa, akina mama waanika dagaa wakaniuliza nimepoteza nini, nikawajibu bado sijapoteza…

"Huyo kindi alikujia mwenyewe?" nesi ameuliza, nikasema hapana, nilimshika mkia.

"Basi hata mimi ningekuuma."

…halafu akaeleza taratibu, kindi na panya kuwapa watu kichaa cha mbwa ni nadra mno, angekuwa mbwa au paka chanjo ingeanza leo leo, daktari naye kakubali, nitachomwa ya pepopunda tu niende, ya pepopunda tu, sijawahi kupenda sindano hivi, nitaishi… ngoja, nitaishi? na yale niliyomwambia mke wangu alfajiri, kabla sijaenda ziwani, nikidhani naaga? nilimshika Yusta mkono, nikasema nisife na uongo moyoni, samaki wako wa mawese, hii migebuka ninayoisifia mbele ya wageni miaka ishirini na miwili, sijaipenda hata siku moja, chumvi imezidi, Yusta, chumvi… machozi yanamtoka, akanitazama, akasema, "Pona kwanza, Baba Elida," na sasa yuko kwenye benchi nje ya dirisha, nesi kamwambia niko salama, kanyanyua mikono kumshukuru Mungu, kaishusha, kanigeukia mimi, jicho lile… nitasutwa, jamani, leo mchana nitasutwa, na kesho, na Krismasi mbele ya mashemeji, na wajukuu wakija watasimuliwa, miaka na miaka ya kusutwa, yote yangu, na mimi mkono bombani natabasamu kama mjinga, tia chumvi, mama, tia kiganja kizima, nitakula… zimebaki dakika ngapi, sijui, maji yanatiririka, sina haraka…