Wakija Wageni Wengi

Jumatatu saa mbili asubuhi, mpiga picha za pasipoti alikuwa akikata picha kwa mkasi wakati dada yake alipomwekea tangazo mezani. Lilihusu matembezi ya wapiga picha katika kiwanda cha nyuzi kilichoungua miaka kumi na tisa iliyopita. Chini liliandikwa: *Kwa kikundi: mashine, kutu na njiwa. Kwa anayekwenda peke yake: wafanyakazi pia.*

"Nenda peke yako, kaka. Nataka picha ya shemeji yako."

Mumewe alikuwa fundi wa mashine pale. Kiwanda kilisema siku ya moto hakuwepo, alitoroka. Cheti cha kifo hakikutoka, na tangu hapo majirani humwita dada mke wa mtoro.

"Uzee huu nikavunjike mguu peke yangu?"

"Ukivunjika, shemeji yako atakubeba. Alikuwa na nguvu."

Alikwenda Jumatano mchana. Wafanyakazi walikuwa nyuma ya mlango wa nondo wa ghala, watu thelathini na mmoja, nguo zao zikinuka moshi. Kufuli lilikuwa upande wa nje. Mpiga picha alilivuta, lilikuwa bado la moto, akaliachia. Kisha akawapanga kama alivyozoea: wafupi mbele, kidevu juu, asicheke mtu. Akamwashiria shemeji yake asogee katikati.

"Umezeeka, shemeji."

"Wewe hujabadilika. Mbona vikundi haviwaoni?"

"Majina yetu hayamo daftarini. Msimamizi aliagiza, wakija wageni wengi tuingie ghalani tunyamaze. Siku ile walikuja wakaguzi, akatufungia. Hajarudi."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mmoja. Mmoja si wageni."

Picha ilitoka safi. Akaipeleka ofisi ya kazi iwe ushahidi kwamba shemeji hakutoroka. Karani aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akahesabu vichwa, akausifu mwanga.

"Picha nzuri, mzee. Kasoro ni mashahidi. Wanatakiwa wawili waliokuwepo ilipopigwa."

"Tukiwa wawili hawatokei."

"Hata mimi nimesikia hivyo," alisema karani, akamrudishia.

Jumamosi mpiga picha alijiunga na kikundi. Walikuwa tisa, pamoja na dada aliyevaa gauni lake la harusini. Wengine walipiga picha njiwa. Dada alisimama mbele ya nondo.

"Ni mimi," aliita.

Gizani mtu alikohoa mara moja, akajiziba mdomo.

"Ni yeye," alisema dada. "Anajizuia. Kazini alikuwa mtiifu mno."

Picha ya siku hiyo ilionyesha mlango na kufuli.

Ile ya kwanza imetundikwa sebuleni kwa dada. Kila siku saa kumi jioni, muda wa kutoka kazini, watu wote pichani hugeuka kuutazama mlango wa sebule, kisha hurudi kukaa sawa, kidevu juu. Wakiingia wageni wawili, picha hubaki na nondo na kufuli tu.

Majirani huja wawili wawili. Huitazama picha, huulizia habari za yule mtoro, hunywa chai na kuaga. Dada huwasindikiza, hurudi, hufunga mlango na kuketi.

"Haya, wameondoka," husema.

Pichani, wafanyakazi hujitokeza mmoja mmoja kutoka ndani ya giza la ghala. Mumewe huwa wa mwisho, akichomekea shati.